Mwalimu, tuma picha!

Ndugu wasomaji, nimekuwa kimya. Mmoja wenu kaniuliza kama nimeoa, mwingine kama nimefukuzwa kazi. Hapana, na hapana. Nilikwenda nyumbani Babati wiki mbili, kwanza kwa msiba, halafu kwa uvivu tu, na nimerudi Dar na hasira ambayo haijapoa. Nilijaribu kuipoza kwa chipsi mayai, imegoma. Basi leo naitua hapa.

Kwa wale ambao Tanzania yenu inaishia Kibaha: Babati ni makao makuu ya mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Tuna ziwa lenye viboko karibu kabisa na mji, tuna mlima Kwaraa, tuna njia panda ya kwenda Dodoma na Singida. Mutuka ni moja ya kata nane za mji huo. Nasema "mji" kwa kuwa karatasi za halmashauri zinasema mji. Ukifika utakutana na mahindi, mbaazi, alizeti na vumbi, na watoto wanaokupa shikamoo hata kama umri wako ni ishirini na kitu.

Huko Mutuka anafundisha rafiki wa dada yangu. Ni mzaliwa wa Kagera, akapangiwa kazi Manyara, akaja na begi na godoro, akakaa. Jina lake silitaji, shule yake siitaji. Nitamwita Mwalimu. Anafundisha Darasa la Kwanza na watoto wake ni 94. Usishangae. Tangu elimumsingi bila malipo ianze mwaka 2016, watoto waliokuwa wamefichwa nyumbani kwa ajili ya ada na michango walimiminika shuleni, jambo jema kabisa, ila kuta za madarasa hazikutanuka na walimu hawakuzaliana.

Nilimfuata shuleni Jumatano saa nane na nusu mchana. Nikakuta walimu sita wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, wamekizunguka kishikwambi kimoja. Kishikwambi chenyewe ni cha sensa. Mnaikumbuka sensa ya Agosti 2022? Makarani walipomaliza kutuhesabu, serikali iliamua vifaa vile vigawiwe walimu. Uamuzi mzuri, nausifu bila kinyongo. Lakini kishikwambi hakiishi kwa upepo. Kinataka chaji na kinataka bando. Chaji ilikuwepo. Bando lilitoka kwenye simu ya Mwalimu, bando lake mwenyewe, alilonunua asubuhi akijua kwamba mchana kuna kikao.

Kikao hicho ndicho kinachoitwa jumuiya ya ujifunzaji. Wasiokaa karibu na walimu pengine hamjawahi kusikia neno MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Mwongozo wake wa kitaifa ulitoka mwaka 2020 na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ndiyo inayoandaa masomo yake. Wazo lake ni hili: badala ya kumtoa mwalimu kijijini, kumlaza hotelini siku tatu, kumpa posho na soda na kumrudisha akiwa na daftari jipya, mafunzo yamfuate kazini kwake. Walimu wa shule moja wakutane kila mara, wajadili tatizo la darasani, wakubaliane la kujaribu, wakajaribu, wakutane tena waambiane limekwendaje. Walimu wa shule jirani nao wakutane. Na kila mmoja ajisomee mwenyewe, pamoja na ule mfumo wa kujifunzia wa TET ulioko mtandaoni.

Nasema mapema ili nisije nikaeleweka vibaya: WAZO NI ZURI. Ni moja ya mawazo mazuri zaidi ambayo elimu yetu imeyapata tangu nizaliwe. Ndiyo maana nina hasira. Wazo baya likiharibika nani analia?

Turudi darasani. Walikuwa wanaangalia video ya somo. Dakika ya sita bando likakata. Video ya dakika kumi, hata ya ubora wa kawaida, inaweza kula MB 50 na zaidi bila kushiba. Mwalimu mmoja mzee, anayekaribia kustaafu, akatoa noti ya elfu moja mfukoni, akamtuma kijana dukani. Tukasubiri. Huku tukisubiri simu tatu zikalia kwa pamoja, ting! Ujumbe umeingia kwenye grupu la kikazi la WhatsApp. Nilidhani ni msiba. Ulikuwa ni wa mkubwa mmoja (cheo chake nakiacha, ofisi yake naiacha): "Walimu, leo ni siku ya jumuiya. Tumeni picha kabla ya saa tisa na nusu. Shule ambayo haitatuma itaandika maelezo."

Jamani. Mlipaswa kuona kilichofuata. Walimu sita wazima wakasimama, wakapanga madawati yaonekane vizuri, wakafuta ubao, wakaandika tarehe na mada kwa herufi kubwa, wakashika vitabu kana kwamba wanasoma. Mimi nikageuzwa mpiga picha. Ya kwanza mzee kafumba macho. Ya pili ubao haukusomeka. Ya tatu ikakubalika. Ikatumwa kwa bando la nani? La noti ya mzee, ambayo kijana ndiyo kwanza alikuwa amerudi nayo ikiwa vocha. Mkubwa akajibu kwa kidole gumba. Hakuuliza wamejifunza nini. Hakuuliza wamekwama wapi. Kidole gumba!

Saa tisa na dakika kumi. Wawili wakaaga, mmoja ana mtoto mgonjwa, mwingine anawahi shamba kabla ya mvua. Hicho ndicho kikao ambacho mahali fulani, kwenye jedwali fulani, kimeandikwa kuwa KIMEFANYIKA.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye habari yenyewe. Waliobaki wanne hawakwenda nyumbani. Mwalimu akafunga kishikwambi, akatoa simu yake, akafungua grupu jingine. Hili halina mkubwa ndani yake. Lina walimu wa madarasa ya chini kutoka Babati, Hanang, Mbulu na kwingineko, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Akabonyeza ujumbe wa sauti. Sauti ya mama mmoja, mwalimu wa siku nyingi, Mbulu huko, kuku wanasikika nyuma yake. Dakika nne. Nikiwa nimekaa kwenye dawati la mtoto wa miaka saba, nikasikia maneno ambayo yalitakiwa yasemwe mwaka niliokuwa mimi ndiye mtoto wa miaka saba.

Ngoja nieleze. Mwalimu alikuwa ameuliza swali wiki iliyotangulia. Watoto wake wengi wanaandika "masiwa" badala ya maziwa, "fiatu" badala ya viatu, "fitabu" badala ya vitabu. Amewasahihisha, amewaandikisha mara kumi kumi, amekasirika, amebembeleza. Wapi! Akadhani hawasikii vizuri. Akadhani yeye ndiye hajui kufundisha. Akafikia hatua ya kuandika barua ya kuomba uhamisho, ipo kwenye mkoba wake, nimeiona.

Yule mama wa Mbulu akamjibu: "Mwanangu, hao watoto hawana shida ya masikio. Nyumbani kwao wanaongea Kigorowa au Kiiraqw. Lugha zetu hizo hazina z wala v. Mtoto hajawahi kuitamka hata mara moja tangu azaliwe, ndiyo maana anakupa iliyo jirani, s na f." Kisha akaeleza dawa yake. Mtoto aweke mkono kooni, aseme "sssss". Koo limetulia. Sasa aseme "zzzzz", kama nyuki. Koo linatetemeka! Ulimi haujahama, meno hayajahama, kilichobadilika ni koo tu. Vivyo hivyo f na v. Watoto wanapenda kweli, wanageuka mzinga wa nyuki darasa zima. Baada ya hapo wape maneno mawili mawili yanayotofautiana kwa sauti hiyo moja, waone kwamba ukikosea unasema kitu kingine kabisa: sana na zana, saa na zaa, faa na vaa, fua na vua, fuka na vuka. Mtoto akicheka kwamba "mama anazaa nguo... hapana, anafua... hapana, anavua" basi ameshaelewa.

Dakika nne za sauti. Ujumbe wa sauti wa dakika moja hautumii hata MB moja. Hakuna moduli, hakuna cheti, hakuna kidole gumba.

Mimi ni Mgorowa. Darasa la Pili (shule siitaji, mwalimu simtaji, na Mungu amlaze pema) nilichapwa fimbo nne kwa kuandika "masiwa". Sikujua nimekosea nini. Nilikuwa naandika neno kama nilivyokuwa ninalisikia kwa bibi yangu akinimiminia kikombe. Kwa miaka niliamini mimi ni mzito wa kichwa, na mpaka leo, mwandishi wa habari ninayelipwa kwa ajili ya Kiswahili changu, nikiandika neno lenye z nasimama kidogo kulitazama. Kumbe sikuwa mzito. Nilikuwa Mgorowa tu!

Na si kwamba jambo hili lilikuwa siri. Mtaalamu wa lugha wa Kiholanzi, Maarten Mous, alichapisha sarufi nzima ya Kiiraqw mwaka 1993, orodha ya konsonanti zake imo. Eneo letu hili, kuanzia Babati hadi Kondoa na bonde la Eyasi, wanaisimu wa dunia wanalijua kuliko tunavyolijua sisi, kwa sababu ndipo zinapokutana lugha za Kibantu, za Kikushi, za Kiniloti na zile za vidoko za Wasandawe na Wahadza. Maprofesa wanapanda ndege kuja kutusikiliza tunavyotamka. Lakini maarifa hayo kutoka maktaba ya Ulaya mpaka dawati la Mutuka hayakupata usafiri, mpaka mama mmoja wa Mbulu, ambaye sidhani kama amewahi kuiona sarufi hiyo, alipobonyeza kipaza sauti huku kuku wakiwika.

Hoja yangu ni hiyo. Walimu wetu WANAJIFUNZA mtandaoni. Wanafundishana. Wanafanya hivyo usiku, kwa bando lao, baada ya kusahihisha daftari 94 na kupika na kufua (au kuvua, he he). Hawakungoja warsha. Na sisi wengine, badala ya kuuliza tuwasaidieje, tumejenga juu yao ghorofa la kuomba picha.

Najua mtakachosema. Nimeshasikia yote, mengine niliyasikia kwenye basi la kurudi.

Kwanza mtasema, walimu wakiachiwa WhatsApp watasengenyana na kutumiana vichekesho na sala za kusambaza kwa watu kumi. Ndiyo, watafanya hivyo. Nyie ofisini hamfanyi? Madaktari hawana grupu? Wanasheria je? Nimeingia kwenye magrupu ya waandishi wa habari ambayo ukiyasoma mama yako atakukana. Lakini katikati ya takataka hizo mtu anauliza "hivi sheria hii imebadilishwa lini?" na dakika mbili baadaye anajibiwa. Mbona kwa mwalimu peke yake ndiyo tunadai usafi wa kanisa?

Pili mtasema, picha ni ushahidi, fedha za watu lazima zihesabiwe. BOOST peke yake, mpango wa elimu ya awali na msingi ambao MEWAKA ni sehemu yake, Benki ya Dunia imeukopesha dola milioni 500, na deni tutalipa sote. Nakubali zihesabiwe! Nataka zihesabiwe kuliko nyie. Lakini picha ya watu sita wameshika vitabu ni ushahidi wa kitu gani? Ni ushahidi kwamba kuna watu sita na kuna vitabu. Ukitaka ushahidi wa kujifunza, nenda Mutuka baada ya mwezi, mpe mtoto kalamu, mwambie aandike maziwa. Hiyo inataka mtu asafiri, akae, asikilize. Picha inakuja yenyewe huku umekaa na chai. Na huu ugonjwa hauko kwenye maandishi ya MEWAKA, ni wa kwetu, tunautia katika kila kitu tunachokigusa.

Tatu, na hili lilisemwa na mheshimiwa abiria mwenzangu aliyekuwa anakula mahindi ya kuchoma: "Walimu wameshapewa vishikwambi, wanataka nini tena?" Mzee wangu, shikamoo, lakini ukimpa mtu jembe bila mpini umempa chuma.

Nchi hii ilishawahi kulijua jambo hili. Kinachoniuma ni hicho. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Vijana mnaodhani elimu ya masafa ilikuja na simu janja, waulizeni wazazi wenu. Watu wapatao milioni mbili walisoma afya kupitia redio. Na hawakusikiliza peke yao kila mtu na mto wake! Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza. Watu walikaa pamoja, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba choo na kufyeka mazalia ya mbu. Redio ilikuwa inaanzisha mazungumzo. Mazungumzo ndiyo yaliyofanya kazi.

Halafu likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, kila mtoto aende shule, na walimu hawapo. Ikafanywaje? Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza Darasa la Saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu hukohuko kazini, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa wakufunzi waliowatembelea. Zaidi ya elfu thelathini walipita njia hiyo. Tuliwacheka sana, "walimu wa UPE", jina likawa tusi. Mapungufu yalikuwepo, sikatai. Ila yule mzee aliyetoa noti ya elfu moja alifundishwa na mmoja wao, na aliniambia kitu ambacho nimekifikiria njia nzima: mwalimu wake alikuwa na mkufunzi aliyekuja kwa baiskeli, akakaa nyuma ya darasa, akamwona anavyofundisha, kisha wakanywa uji wakazungumza. "Siku hizi," mzee akasema, "anayekuja anakuja na fomu, na gari haizimwi."

Majirani zetu nao wana yao. Kenya, mwaka 2021, tume ya walimu ilianzisha mafunzo endelevu ya lazima, na mwalimu akaambiwa alipie mwenyewe, shilingi 6,000 za kwao kila mwaka, katika vyuo vilivyochaguliwa. Walimu na vyama vyao wakawaka, na nadhani walikuwa na haki. Sisi hatuna ada hiyo, tushukuru. Lakini hebu nieleze tofauti. Mkenya aliambiwa waziwazi alipe. Mtanzania halazimishwi na mtu, ila bila bando haingii. Nilikaa na Mwalimu tukapiga hesabu ya mwezi mmoja wa bando za kazi tu, bila za kuongea na mama yake Kagera: ilifika shilingi 18,000. Kwa mshahara wake, na mkopo wa benki unaokatwa juu kwa juu kabla hajauona, hiyo ni sukari na mafuta ya kula ya nyumba. Mnakumbuka Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilivyowaka moto mitandaoni na zikasitishwa siku hiyohiyo? Tulipiga kelele kwa ajili ya muziki na mpira wetu. Kwa ajili ya somo la KKK la Mutuka hakuna aliyepiga kelele.

Na kuna jambo jingine, nitalisema upesi kwa kuwa kila mtu analijua. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, tukakaa gizani. Hiyo ni bahari, tumsamehe. Lakini Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na hapo hapakuwa na papa aliyetafuna waya. Katika siku zile watu walipoteza makubwa kuliko somo, walipoteza ndugu, na sitaki kulinganisha. Nasema tu kwamba ukimwambia mwalimu maktaba yako, mkufunzi wako na wenzako wote wako mtandaoni, halafu ukabaki na swichi mkononi, umpe na nakala ya karatasi.

Nimemuuliza Mwalimu angetaka nini. Nilidhani ataniambia mshahara. Alianza na mshahara, ni binadamu. Kisha akasema anataka saa moja kwa wiki iliyoandikwa kwenye ratiba ya shule kama kipindi, siyo saa nane na nusu wakati njaa inauma. Anataka kuingia kwenye masomo ya TET kusiwe kunakula bando lake, kampuni za simu na serikali wakae wakubaliane, kwani miamala ya kamari wanaijua kuirahisisha. Anataka video zipunguzwe na sauti na maandishi viongezwe. Anataka yule mama wa Mbulu atambuliwe: arekodiwe vizuri, alipwe, sauti yake ifike Simanjiro na Kiteto, ambako watoto wa Kimaasai wana mitego yao mingine ambayo mama wa Mbulu haijui, lakini kuna mwingine huko anayeijua na hajaulizwa. Mitaala mipya ilipoanza Januari 2024 kwa Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, maswali yalikuwa mengi kuliko wakufunzi. Majibu mengine yalikuwa yamekaa kimya kwenye vichwa vya watu wa namna hiyo.

Na la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu njiani: "Wasiingie kwenye grupu letu."

Nikamuuliza kwa nini, mbona wangejifunza. Akanieleza. Mwaka fulani grupu jingine, zuri kama hili, liligunduliwa na mkubwa mmoja, akaomba kuongezwa. Nani angekataa? Wiki ya kwanza akasema "hongereni". Wiki ya pili akaomba takwimu za madawati. Wiki ya tatu akaweka tangazo la mwenge. Mwalimu mmoja aliyezoea kuuliza maswali ya kijinga, yale maswali ambayo bila kuyauliza huwezi kujifunza ("jamani, hivi sehemu na desimali mnaanzaje?"), akaambiwa mbele ya watu 200 kwamba swali hilo linatia shaka sifa zake za ualimu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Grupu lipo mpaka leo. Linapokea matangazo.

Mtu mzima hawezi kukiri kutojua mbele ya anayeshika faili lake. Wewe unaweza? Mimi siwezi; mhariri wangu akiniuliza kama najua kitu nasema najua, halafu naenda chooni kumpigia rafiki.

Kwa hiyo, waheshimiwa mnaopita hapa kimyakimya (najua mnapita), grupu hilo sitawaambia linaitwaje.

Jana usiku Mwalimu kanitumia sauti. Nyuma yake watoto 94 wananguruma kama nyuki, mkono kooni. Barua ya uhamisho anasema bado iko kwenye mkoba, hajaichana, ila hajaipeleka. Kisha akaniandikia kwamba kuna mwalimu wa Hanang ameuliza swali gumu kuhusu kutoa kwa kukopa, majibu yameanza kumiminika, yeye hawezi kuyafungua mpaka kesho kwa kuwa bando limeisha. Nimemtumia la wiki. Kama una mwalimu unayemfahamu, unajua namba yake.